Nyumba ya Kamba Karibu na Ukumbi wa Mtaa

Kwa miaka thelathini na tisa Obura alikuwa amekaa katika nyumba ileile ya manispaa, sebule na chumba kimoja, kwenye mtaa mdogo usio mbali na kitongoji cha Section 58. Alikuwa fundi wa mbao, na kila kilichofunguka na kufungwa ndani ya nyumba ile, kabati, meza ya kukunja, hata mbao za dirisha, alikuwa amekitengeneza mwenyewe. Mkewe Wangare alikuwa akishona yunifomu za shule mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya jicho la kushoto, kisha la kulia. Sasa ulikuwa mwaka wa nane haoni hata mwanga. Lakini mgeni angeweza kunywa chai kwao na kuondoka bila kutambua. Wangare alitoka kitandani hadi kwenye jiko la gesi kwa hatua kumi na moja, akamimina chai bila kumwaga, na kiti kikisogezwa kidogo tu, alijua.

Ndiyo maana jiji lilipotangaza kwamba nyumba za zamani zitabomolewa na kujengwa ghorofa, Obura alikosa usingizi siku mbili.

Wapangaji waliitwa kwenye ukumbi wa mtaa watoe maoni. Afisa wa nyumba aliyetumwa alikuwa mwanamke wa makamo aitwaye Chepkemboi, mpole wa sauti, amebeba ramani iliyokunjwa kama mkeka. Akaeleza kwamba jengo la kwanza la ghorofa litajengwa kwenye uwanja mtupu ulioko nyuma, ili watu wahamie moja kwa moja bila kwenda kutafuta vyumba kwingine. Watu wakauliza kodi itakuwa ngapi. Wakauliza kama kuna watu wa nje watakaopenyezwa kwenye orodha. Kelele zilipopungua, Obura akasimama nyuma kabisa na kuuliza mlango wa choo utafungukia ndani au nje, na kutoka hapo hadi kitandani ni hatua ngapi.

Watu wakacheka. Chepkemboi hakucheka. Alimwuliza kwa nini anataka kujua, naye Obura akajibu kwa maneno machache, maana hakupenda kumzungumzia mkewe mbele za watu. Yule afisa akaandika kitu kwenye daftari lake.

Baada ya kikao alimfuata mlangoni, akamwambia kuna fomu ya wagonjwa na wasiojiweza, ya kuomba nyumba ya chini isiyo na ngazi, na kwamba inataka barua ya daktari. Obura aliipeleka fomu ofisini mara tatu. Mara ya kwanza muhuri wa hospitali ulikuwa hauonekani vizuri. Mara ya pili faili lilikuwa limekwenda ofisi nyingine. Mara ya tatu Chepkemboi alilichukua faili mwenyewe, akapanda nalo ngazi, akarudi nalo limetiwa sahihi. Akampa pia nakala ya ramani ya nyumba, yenye vipimo vyote.

"Mzee, hii ukae nayo," alimwambia. "Ujenzi utachukua kama miezi saba."

Obura alirudi nyumbani na ramani ile ndani ya shati isishikwe na mvua. Kesho yake aliomba ruhusa ya kutumia kipande cha nyasi kando ya ukumbi. Akapima kwa futi yake ya fundi, akapigilia vigingi, akazungusha kamba ya katani kwenye usawa wa kiuno. Kila kamba ilikuwa ukuta. Palipo na mlango aliacha nafasi. Mabenchi mawili yakawa kitanda, ndoo iliyopinduliwa ikawa jiko.

Kila asubuhi baada ya chai alimleta Wangare. Siku za kwanza alijigonga kwenye mabenchi na kuyasema vibaya. Kisha mkono wake ukazoea: mlangoni, ukuta upande wa kulia, hatua sita, choo, hatua nne, kitanda. Majirani waliokuwa wakisimama kutazama walizoea wakaenda zao. Watoto waliacha kuruka zile kamba baada ya mama mmoja kuwaeleza ni nyumba ya nani.

Walipochoka walikaa kwenye kitanda chao cha mabenchi. Wangare alitaka kusimuliwa. Nani amepita? Mlima wa Menengai una mawingu? Lile geti lililokuwa la kijani limepakwa rangi gani? Obura, mtu wa maneno machache maisha yake yote, alijikuta akimweleza hadi rangi ya soksi za mwalimu aliyepita na baiskeli.

Barua ya nyumba ikaja miezi saba ilipokwisha. Nyumba ya chini, mlango wa pili. Obura alifungua kwa ufunguo mpya, akamshika mkewe bega na kumwachia. Wangare akaingia, akanyoosha mkono wa kulia kutafuta ukuta. Haukuwepo. Akapapasa hewa, akapiga hatua moja tena, akasimama.

Obura alitazama huku na huku kabla ya kuelewa. Nyumba za kila ghorofa zilijengwa zikielekeana, kama viganja viwili. Ramani aliyopewa ilikuwa ya mlango wa kwanza. Yao ilikuwa vilevile kwa vipimo, ila kila kilichokuwa kulia kilikuwa kushoto. Alikaa juu ya magunia ya vyombo.

Chepkemboi alipopita mchana kukagua mita za maji aliwakuta hivyo. Alipoelewa, aliona haya, akasema kosa ni lake, hakufikiria. Alikuwa tayari kuandika barua wabadilishane na wa mlango wa kwanza. Huyo alikuwa Kipyegon, mlinzi mstaafu anayetembea kwa magongo, na alikuwa ameshaingiza kitanda chake.

"Usimtoe mtu, mwanangu," Wangare alisema. "Amemaliza kutandika."

Afisa alipokwenda, Wangare alimtafuta mumewe kwa mkono mpaka akapata bega lake.

"Mzee wangu, umenyamaza sana."

"Nimekufundisha vibaya miezi saba."

"Kwani ulidhani nilikuwa natoka kila asubuhi kwa ajili ya choo?" Alikaa kando yake, juu ya magunia. "Ile nyumba ningeijua kwa wiki moja. Nilikuwa natoka tutembee."

Obura alimsogelea. Aliushika mkono wake, wakakaa hapo mpaka jua lilipoondoka kwenye dirisha la jikoni.

Ilichukua siku kumi. Yeye alihesabu kwa sauti, mke akitembea, sasa kwa mkono wa kushoto. Chepkemboi alirudi mara moja kuwaona, akawaambia kwamba watakaohamia jengo la pili watapewa ramani za pande zote mbili, ameshaziombea. Alikunywa chai iliyomiminwa na Wangare mwenyewe, na haikumwagika.

Jumapili baada ya kanisa, Obura alikuwa akipiga randa kipande cha mbao mlangoni, Wangare akampita bila kusema kitu. Akavuka korido peke yake, akabisha kwa Kipyegon, akamwuliza kama ana sukari ya kutosha, au amletee kikombe kimoja kutoka kwao.