Mabua ya Ng'ombe Wangu

Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kama angeishia kufundisha tu, ningelala usingizi wangu vizuri. Lakini alikuwa mtu wa kuvumbua. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, si mbali na Ihanja, huko Singida, nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Kaya zilizokuwa zimetawanyika sasa zilikata kuni katika pori moja, na haikuchukua muda pori likawa vichaka vya miiba mitupu. Nilitoka na wenzangu alfajiri, nikarudi jua likiwa utosini na mzigo unaonikunja shingo. Aliniona nikiutua, akanionea huruma. Hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Alikuwa amesoma mahali kwamba takataka za shamba zikiozeshwa ndani ya pipa lisilopitisha hewa hutoa gesi inayowaka. Kwanza alitaka samadi ya zizini. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi nasi, hakumaliza hata kumsikiliza.

"Mwanangu, samadi hiyo ni ya shamba la mkeo. Uwele utaota kwenye nini, kwenye chaki?"

Ndipo akageukia mabua. Mabua ya mtama nilikuwa nimeyarundika juu ya uchaga kwa ajili ya ng'ombe wetu mmoja aliyebaki. Mvua ilikuwa imetutupa, malisho yameungua. Binti yetu alikuwa ameachishwa ziwa karibuni, na maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomshikilia. Mabua hayo yangemvusha ng'ombe mpaka mvua nyingine, na ng'ombe angemvusha mtoto. Kila mtu nyumbani alilijua hilo, mwalimu akiwemo.

Bua la mtama ni gumu, haliozi upesi. Basi akapanda baiskeli hadi kwenye chemchemi ya maji moto, ile watu wanayokwenda kuoga wakiumwa viungo, maana aliwahi kuona matete yakiangukia humo na kugeuka ute. Akarudi na kibuyu cha tope, amekiviringisha katika blanketi letu la pekee.

"Humu mna vijidudu visivyoonekana kwa macho," akaniambia. "Vinapenda joto. Vinatoa kitu kinacholainisha bua, kama kimea chako kinavyolainisha uji wa togwa."

Kitu hicho leo wajukuu zangu wanakiita kimeng'enya. Sikuona ajabu, kimea nakijua tangu utotoni. Nikampa mzigo mmoja wa mabua, kwa moyo mweupe kabisa.

Pipa alilipata kwa Mhindi mmoja mwenye duka Singida Mjini, akalisimamisha nyuma ya darasa. Mpira wa ndani wa tairi la trekta ukawa wa kuhifadhia gesi. Tatizo, vijidudu vyake vilidai joto kuliko mtoto mchanga. Ilipofika miezi ya upepo wa baridi, vikagoma. Mwalimu akafanya nini? Akawasha moto chini ya pipa. Kwa kuni zangu! Mimi natua mzigo, yeye anachomoa nusu, anaondoka akipiga mluzi. Nilimwuliza kwa nini tusipike ugali juu ya moto huohuo, tukaachana na vijidudu. Akacheka, akasema nivumilie kidogo.

Pipa nalo lilikuwa na njaa. Kila lilipotulia bila kutoa kitu, alilimwaga, akalijaza upya, na mabua ya uchagani yakazidi kupungua.

"Nipe haya ya mwisho," alisema. "Gesi ikiwaka, hutabeba kuni tena maisha yako."

"Na ng'ombe atakula gesi?"

Nilikataa katakata. Akaenda zake shuleni, nami nikadhani yamekwisha. Siku iliyofuata nilikwenda kuni za mbali, na niliporudi nilikuta uchaga mtupu. Nilimchukia siku ile. Nasema nilimchukia, na bado nilimpikia, nikamtengea maji ya kuoga, maana najua alifanya yote yale kwa ajili ya shingo yangu. Hilo ndilo lililonitia uchungu zaidi. Angekuwa mlevi ningejua la kumwambia.

Ng'ombe akaanza kushindwa kuinuka. Kwetu ng'ombe akianguka kwa njaa, majirani hawasubiri kuitwa. Wanaume hupitisha miti chini ya tumbo, mmoja akashika mkia, wakamnyanyua hadi asimame akitetemeka. Walikuja asubuhi baada ya asubuhi. Nilizunguka nikiomba nyasi kuukuu za paa nimlishe. Maziwa yakapungua yakawa ya kulowesha kidole tu.

Asubuhi moja walimnyanyua, akaanguka. Wakamnyanyua tena, akaanguka. Mzee mmoja jirani akanigeukia.

"Mama, tumchinje angali na pumzi. Akifa mwenyewe, mtakosa hata nyama."

Nikaitikia kwa kichwa.

Damu haijakauka, nikamwona mwalimu anakuja mbio kutoka shuleni, masizi hadi masikioni, anacheka peke yake.

"Imewaka! Mke wangu, imewaka! Lete maziwa ya mtoto, yawe ya kwanza kuchemka!"

Mama mkwe, aliyekuwa amesimama mbele ya zizi, akasogea pembeni ili mwanawe aone. Nilikuwa nimejiandaa kumtukana, maneno yote ninayo, lakini uso wake ulivyobadilika nikashindwa hata kuanza.

Baadaye nilikwenda kuutazama huo moto. Sitamnyima sifa: ulikuwa wa buluu, hauna moshi hata chembe, mzuri kweli. Uliwaka peke yake nyuma ya darasa mpaka mpira ukasinyaa, na hakuna aliyeinjika kitu juu yake.

Jioni, saa ya kukamua, binti yetu alitoka nje na kikombe chake kama kawaida, akamnyooshea baba yake. Baba yake akakipokea, akabaki amekishika.