Mizani ya Masele na Diski Nyepesi

Pale Nyarugusu, mkabala na karasha ya kusagia mawe, lipo duka lenye bango la bluu: UZANI HALALI STESHENARI. Mwenye duka, Masele, alinunua dhahabu kwa wachimbaji kwa miaka kumi na tisa. Alipohamia kwenye kazi ya kuchapa barua na kutoa kopi, aliona ni hasara kubadili bango zima, akaongeza neno moja tu mwishoni. Mizani yake ndogo ya kielektroniki alihama nayo pia. Aliiweka mezani kati ya printa na stepla, ingawa hakuna mteja aliyewahi kuomba barua yake ipimwe.

Kompyuta ya Masele ilikuwa mashine ya heshima, haikukurupuka. Ukiiwasha saa mbili asubuhi, ilikohoa, ikanguruma, ikatafakari, na ilipojisikia tayari mteja alikuwa amekwisha kunywa chai kwa mama lishe, amerudi, na amesalimiana na benchi zima la wanaosubiri mpaka habari za ng'ombe zimekwisha.

"Inajipanga," Masele aliwaambia. "Ipeni nafasi."

Wakaipa nafasi. Wengine waliipa nafasi kubwa zaidi, wakavuka barabara kwenda kwa Enock, mwenye steshenari ya pili.

Siku moja ya Jumatatu akapita Violeth, fundi kompyuta kutoka Geita mjini, dada mpole mwenye begi la bisibisi. Alisikiliza ule mngurumo kama daktari anavyosikiliza kifua.

"Shikamoo baba. Mashine yako ni nzima, ila diski imechoka. Ndani yake kuna sahani zinazozunguka, na kila kitu kinasubiri zizunguke. Nikuwekee hii ya SSD, haina kinachozunguka. Kompyuta itabaki ile ile, lakini itawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti. Na bei yake haifiki hata robo ya mashine mpya."

"Marahaba. Lete niione."

Violeth akampa. Masele akaipima kwanza kwa kiganja, uso ukabadilika. Akaomba na ile ya zamani ichomolewe. Kisha, kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi hiyo maisha yake yote, akawasha mizani. Ya zamani ilisoma gramu mia nne na ushee. Mpya ilisoma gramu arobaini na pointi mbili.

Masele akatabasamu, tabasamu la kuwahurumia waliozaliwa jana.

"Binti yangu, mimi nimeletewa shaba iliyopakwa rangi na watu waliovaa tai. Kitu cha gramu arobaini kikazidi nguvu cha gramu mia nne? Hapa wamekuuzia kava."

"Baba, hii siyo dhahabu."

"Ndiyo ninachokuambia."

Violeth hakubishana. Alirudisha diski nzito mahali pake, akafunga skrubu, akavuka barabara na kile kikava chake, akakifunga kwa Enock mchana ule ule. Masele alimwonea Enock huruma kwa dhati. Jioni alimsimulia mkewe, Klara, jinsi kijana wa watu alivyouziwa upepo.

Sasa, wiki hiyo hiyo, dirisha la maombi ya chuo cha uuguzi lilikuwa linafungwa. Lusia, binti yao, alikuwa amemaliza kidato cha sita, na uuguzi ndio ulikuwa wimbo wake tangu utotoni. Akikosa, ni kukaa nyumbani mwaka mzima akipalilia mihogo. Masele alikuwa ametangaza mbele ya ukoo kwamba fomu ya mwanawe itajazwa dukani kwake, kwa mkono wake. Siku aliyochagua ni Ijumaa, siku ya mwisho, kwa sababu kabla ya hapo mashine ilikuwa na shughuli zake.

Ijumaa mashine ikawashwa saa mbili. Saa tatu ikaanza kujisasisha bila kuulizwa. Saa tano ikafika asilimia thelathini, ikapumzika. Masele alifuta jasho, akapiga ubavu wa mashine kwa upole, kisha bila upole. Lusia alikaa benchini na vyeti vyake mapajani, ametulia mno kwa msichana ambaye maisha yake yalikuwa yamekwama kwenye asilimia thelathini. Baba yake aliona utulivu ule, akauita malezi mema.

Saa kumi na dakika ishirini ukurasa ukafunguka. Masele akaingiza namba ya mtihani, kidole kimoja kimoja, akabonyeza. Mfumo ukajibu kwamba ombi la Lusia lilikwisha kupokelewa, Jumatano, saa nne asubuhi.

Akausoma ujumbe mara mbili. Akageuka.

"Ni kwa Enock?"

"Ndiyo, baba. Nisamehe. Niliogopa muda usije ukaisha."

"Na leo umekaa hapa kutwa nzima kwa nini?"

Lusia akaangalia vyeti vyake. "Ulikuwa umesema utanijazia wewe."

Masele aliona aibu, ile aibu inayomfanya mtu mzima atafute stepla iliyo mbele yake. Akakohoa, karibu sawa na mashine yake.

"Ilimchukua muda gani, huyo Enock?"

"Dakika kumi, baba. Nusu yake alikuwa ananiuliza magoti yako yanaendeleaje."

Jumatatu iliyofuata Violeth aliitwa, akaja na diski nyepesi nyingine. Masele hakugusa mizani. Mashine ilipowaka, mteja wa kwanza hata hakuwahi kukaa, na benchi likabaki limenuna lenyewe.

Diski ya zamani hakuitupa. Ipo mezani, imekalia barua ya Lusia ya kupokelewa chuoni ili feni isiipeperushe. Ukimuuliza, atakuambia ina gramu mia nne na ushee, na kwamba kazi hii inaiweza vizuri.