Mama na Mjomba Watunukiwa Mbinga

Mama yangu na kaka yake walitunukiwa siku moja, katika ukumbi mmoja mjini Mbinga, ilhali walikuwa hawajasemezana kwa miaka mingi. Mimi ndiye niliyewapeleka.

Chanzo kilikuwa wavu. Mama alikuwa akinunua samaki ufukweni Mbamba Bay na kuwauza juu milimani. Alipoona mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa wanaopendwa sana, wanapungua, akajiunga na kamati ya kijiji chetu ya kulinda mazalia ya samaki, na baadaye wakamchagua kuwa mwenyekiti. Mvua zikianza, mbasa hupanda mtoni kutaga, kwa hiyo kamati ikakubaliana kwamba msimu huo mtu asivue mlangoni pa mto. Kokoro, wavu ule unaokokotwa hadi nchi kavu na kuzoa hata vifaranga, ulikatazwa kabisa. Mjomba alikuwa nao. Mama alimfuata nyumbani kwake zaidi ya mara moja kumwomba aache, lakini yeye aliamini dada yake hawezi kumfanya lolote.

Alikamatwa alfajiri moja akiuvuta pale pale mlangoni pa mto. Wavu ukachomwa mbele ya ofisi ya kijiji, na aliyesimamia ni mama. Nilikuwepo. Mjomba alitazama mpaka nailoni ikayeyuka, ikabaki donge jeusi. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Kuanzia leo sina dada."

Tuliporudi nyumbani mama alisonga ugali, akatupakulia, yeye hakula.

Kwa muda mjomba alilima mihogo bila kuipenda kazi hiyo. Halafu watu wanaokuja kutembea kutoka Songea wakaanza kumwomba awapeleke kwa mtumbwi kwenye miamba, wakaogelee na kuwaona samaki wa mapambo, wale wadogo wa bluu na njano. Akanunua miwani ya kuzamia. Akafyeka njia ya kupanda kilima kinachotazama ziwa, akapanga mawe kuwa ngazi penye utelezi. Jumamosi aliwafundisha wanafunzi kuogelea, maana watoto wengi wa ziwani hufundishwa kuliogopa ziwa tu. Mtu akitupa wavu karibu na miamba, mjomba alimfukuza kwa matusi. Mama alizipata habari hizo sokoni.

Mkoa ulipotafuta watu wa kuwatunuku kwa kulinda mazingira na kuendeleza utalii, majina yote mawili yalipita. Mimi nafundisha Litembo, juu milimani, nikashuka hadi ziwani kuwachukua. Nilimwamkia mjomba shikamoo, akaitikia, "Marahaba, mjomba," akapanda basi na kukaa kiti cha nyuma kabisa. Mama alikaa mbele, karibu na dereva. Mlima wote ule kila mmoja alizungumza na abiria wa jirani yake.

Ukumbini mama aliitwa kwanza. Alipokea cheti, akashukuru kwa maneno machache, akarudi kukaa. Mjomba alipoitwa, mshereheshaji alimuuliza alianzaje kazi hiyo.

"Nilianza kwa sababu wavu wangu ulichomwa," alisema. "Aliyeuchoma ni dada yangu, yule pale. Nilimchukia sana. Lakini wageni ninaowapeleka wanakuja kuona samaki, na samaki wapo kwa sababu yeye hakuniogopa."

Watu walipiga makofi. Mama hakupiga. Alikuwa ameinamia cheti chake, akikinyoosha kwa kiganja ingawa hakikuwa na kunjo lolote. Nami nilishindwa kumtazama.

Wakati wa chakula mama alichukua sahani ya pilau akampelekea mjomba. "Kaka, kula," alimwambia. "Bado tuna safari."

Mjomba akala. Baadaye akauliza kama mbasa wamepanda mwaka huu. Mama akamjibu kwamba wamepanda, ingawa wamechelewa kwa sababu mvua zilichelewa. Wakaendelea na habari za mto mpaka sherehe ikaisha. Sikusikia yeyote akiomba msamaha, na sikuwauliza.

Krismasi iliyofuata mjomba alikuja kwetu na familia yake, jambo ambalo wadogo zangu wa mwisho hawakuwahi kuliona. Baada ya kula aliomba kuingia kwenye kamati. Mama alimwambia asubiri uchaguzi kama watu wengine. Alisubiri, akagombea, na safari ile hakupata. Mwaka huu anagombea tena.