Mkwe Ninayebishana Naye Habari za Mwezini

Mhariri, ficha jina langu na la kitongoji changu, lakini makali ya maneno yangu usiyapunguze. Nina miaka arobaini na sita, mjane, mkulima wa kahawa upande wa Ihanda. Kiingereza nilikipata nikiwa yaya kwenye shamba la mzungu, na tangu hapo sijakutana na karatasi yenye maandishi nikaipita. Wasomaji mnanijua bila kunijua. Nimebishana humu na makatekista, na majumbe, na yule bwana aliyeandika kwamba mwanamke akisoma sana maziwa yanamkauka. Sijawahi kumwomba mtu ushauri. Leo naomba.

Mpwa wangu ni dereva wa lori la njia ya Rhodesia. Kila akipita Tunduma huniletea majarida ya Kiingereza yenye hadithi za watu wanaosafiri kwenda mwezini na kwenye nyota. Nilianza kusoma peke yangu, hatimaye tukawa watano: mimi, fundi cherehani, mke wa mwalimu, mzee mmoja aliyepigana vita Burma, na kijana anayepima kahawa kwenye ghala la ushirika, nitamwita Simioni. Jumapili baada ya ibada tulikaa uani kwangu, mimi nasoma na kufasiri, wao wananikatiza. Kabla hamjashika kalamu kuuliza mjane anatafuta nini na wanaume, lango lilikuwa wazi na kuku walitupita miguuni.

Hadithi moja ilitugawanya vibaya. Nahodha wa chombo cha mwezini anamwacha fundi wake huko, kwa sababu hewa iliyobaki haiwatoshi wote kurudi. Mimi nasema nahodha ni mwuaji. Simioni anasema aliokoa watu wanne. Wenzetu walichoka siku ya kwanza, sisi wawili tukaendelea miaka. Tangu mume wangu afariki hajatokea mtu wa kunibishia vizuri kama yule. Naandika hivyo bila haya, maana ni kweli na hakuna uchafu ndani yake.

Binti yangu, nimwite Eliza, ndiye aliyekuwa akituletea chai. Mwaka huu baba yake Simioni akaleta posa, ndugu za marehemu wakaipokea, nami nikafurahi mpaka jioni. Ndipo nikakumbuka. Kwetu posa ikishapokelewa, mama mkwe na mkwe hawatazamani, hawasemeshani, hawali pamoja. Mkikutana njiani mmoja anaingia majanini na kugeuza uso. Mpaka mjukuu azaliwe, na wakubwa wa ukoo waridhike. Mimi niliyeandika barua kumi za kupinga mila hii, nikajifunika kitenge kwa ajili ya mwanangu.

Simioni hakuja tena uani. Akaanza kuyatuma maneno kwa Eliza.

"Mama, anasema hewa ilikuwa ya watu wanne tu."

"Mwambie basi nahodha angebaki yeye."

"Anasema nani angeendesha chombo?"

"Mwambie amfundishe mwingine kabla hawajaondoka. Ndiyo kazi ya mkubwa."

"Mwambie mwenyewe. Maharage yangu yanaungua."

Nilicheka. Sikumtazama mwanangu usoni.

Kisha gari la sinema la serikali likaja Nanyala, jirani na kwetu. Picha yenyewe ilikuwa ya kuchekesha, ya wazungu waliopumbazwa na hadithi kama zetu. Wamejishonea nguo za mabati, wanasalimiana kwa kugusana viwiko, wanapigana kwa vijiko kwa sababu ya mtu wa kwenye kitabu. Umati ulianguka kwa kicheko. Sisi watano tulicheka kuliko wote, maana tulikuwa tunajitazama. Nilikaa mbele na wifi yangu, nimejifunika. Simioni alikuwa nyuma yetu kidogo na baba yake.

Mfasiri akasema kwenye kipaza sauti, "Sasa hawa wanagombania mtu ambaye hayupo duniani." Watu wakacheka, na kicheko kilipotulia nikamsikia Simioni akijisemea nyuma yangu, "Lakini hewa isingetosha."

Nikageuka. Kitenge kikaanguka mabegani. Nikamtazama mkwe wangu machoni mbele ya kijiji kizima nikasema, "Wewe na nahodha wako ni wauaji."

Wifi akanivuta mkono. "Umemtazama mkwe. Na unamwita mwuaji, baba yake yupo hapo hapo."

Sasa wazee wa upande wa Simioni wameleta neno. Nitoe mbuzi wa kuomba radhi, niyachome majarida, na ule mkutano wa Jumapili ufe. La sivyo wanaivunja posa. Nilijiandaa kupigana. Nilikuwa na hoja saba tayari. Nikamwita Eliza nimweleze jinsi nitakavyowashinda.

Alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mama, mbuzi tutatoa, hilo dogo. Lakini kila nikikutana na Simioni njiani, la kwanza ananiuliza, mama amesemaje. Hajawahi kuniuliza mimi nasemaje. Nawe hujaniuliza." Akachukua ndoo akaenda mtoni.

Wazee wanarudi Jumamosi. Nikikataa, nimevunja ndoa ya mtoto anayempenda yule kijana. Nikikubali na kuyachoma, nabaki na kahawa na ukuta, na bado sijui kama Simioni ataanza kumwona aliye mbele yake, au atakaa naye miaka akimtamani mtu wa kubishana naye. Nikimwambia Eliza amkatae, atasema namtaka mbishi wangu arudi, na sitaweza kuapa kwamba amekosea.

Nimezoea kumjibu kila mtu. Mwanangu nimeshindwa kumjibu. Wasomaji, na hasa ninyi niliowahi kuwapiga kwa maneno humu gazetini, maana ninyi hamtanionea huruma: niambieni nimwambie nini Eliza kabla ya Jumamosi.