Ijumaa Niliyomchomea Mji

Mchezo wenyewe ni wa vita vya zamani. Unachagua taifa, Warumi, Waajemi au Wamongolia, unapewa raia wachache na jumba moja, na ramani yote imefunikwa kiza. Raia wanakata miti, wanachimba dhahabu, wanalima. Wewe unajenga mji, unafunza askari, kisha unamfuata jirani yako ukamvunjie wake. Si kama bao au dhumna, hapa hakuna zamu. Nyote mnacheza kwa pamoja, ukizubaa kupangusa pua ushavamiwa.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Mchezo ni mzuri. Kompyuta za dukani kwa mjomba wangu ni kuukuu, lakini unakwenda bila kukwama. Kila taifa lina uhodari wake, na nyote mnaanza sawa, hakuna aliyezaliwa na shamba la mikarafuu. Tena kuna kitufe ukikishikilia unaweza kumpangia raia amri nyingi kwa mfululizo: kata mti huu, kisha jenga ghala, kisha lima. Wachezaji wengi wanakidharau kitufe hicho.

Ubaya wake, raia ni majuha. Akimaliza ulilomtuma anasimama papo hapo, hakuulizi, na wewe unadhani una watu wanaofanya kazi. Askari nao ndio wale wale. Wakirushiwa mshale mmoja watamfukuza aliyeurusha mpaka mwisho wa ramani, mji wauache mtupu. Na falme zote za dunia zimo, sisi watu wa pwani hatumo. Hilo linanikera mpaka leo.

Aliyenifundisha ni mume wangu, alipokuwa mume wangu. Alinifundisha ili apate mtu wa kumshinda. Jioni tukicheza, ananivunjia mji wangu, kesho yake anawasimulia wenzake barazani vipi nilivyokuwa nahangaika. Nami nacheka. Mke mwema si ndiyo kazi yake, kucheka.

Siku aliyoniacha alisimama mlangoni, akaitamka talaka, akaniambia nende kwetu. Nilimuuliza nimekosa nini. Akatazama simu yake.

Nikakaa eda kwa mama, Ng'ambo. Ilipomalizika, mjomba akanichukua dukani kwake Mji Mkongwe, duka la kutoa kopi na kutengeneza kompyuta, nyuma yake pana chumba cha wachezaji. Hapo ndipo nikayasikia. Bibi mmoja aliyekuja kupiga picha ya pasipoti alinivuta pembeni akanambia yanayosemwa: ati yule bwana kaniacha kwa uzito wa akili, ati miaka yote kashindwa kunifundisha hata mchezo wa kompyuta, nyumba nitaiwezea wapi. Maneno hayo yalitembea mtaa kwa mtaa. Posa iliyokuwa njiani kuja kwetu ikageuza njia, na watu wake hawakuficha sababu. Mama alilia. Mie sikulia, nilipandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka yote.

Na yeye, mkavu wa macho, Ijumaa haikumpita. Ikisha sala ya Ijumaa, huyo na wenzake wa barazani wanakuja kucheza dukani kwa mjomba wangu, ananipa salamu kama vile mie ni karani tu. Basi nikaanza kujifunza. Kila asubuhi, kabla wateja hawajajaa, nilikaa kwenye mashine moja nikacheza na kompyuta mpaka nikaujua mchezo kwa ndani, uzuri wake na ujinga wake. Nilikuwa na nia moja tu: nimshinde mbele ya wale wale anaowasimulia.

Chumba kile kina ada yake. Adhana ikiingia, kila mtu anatoa mikono kwenye mashine anaiweka mapajani, anamuitikia muadhini kimya kimya mpaka amalize. Mchezo hausimamishwi, maana ukisimamishwa mashine zinapotezana na mambo yote yanaharibika. Kwa hiyo watu wa kwenye skrini wanaendelea na walilotumwa, nyinyi mnawatazama tu.

Mie ninayeshinda pale siku nzima nilijua jambo wasilolijua waja wa Ijumaa. Muadhini wa msikiti wa ubavuni kwetu akiwasha kipaza sauti, hukwaruza kwanza, kisha yeye hukohoa, kisha ndiyo aanze. Na bwana yule anacheza na visikizi masikioni, hasikii kitu mpaka aguswe bega.

Ijumaa moja mwenzake wa kucheza naye hakuja. Akauliza chumba kizima nani atampa mchezo. Nikaiacha mashine ya kopi nikasema, "Mie."

"Wewe katuchemshie chai," akasema, na wenzake wakacheka. Mzee mmoja tu, jirani yetu, ndiye asiyecheka.

Mjomba akanivutia kiti. "Kaa, mwanangu."

Alianza kwa kasi, kama kawaida yake, na mapema tu askari wake wakanichomea mashamba mawili. Akawa anatangaza kila anachokivunja. Kutangulia si kufika. Nikajibana nyuma ya ukuta wangu, nikafuga farasi, nikangojea Alasiri.

Kipaza sauti kikakwaruza. Nikashikilia kile kitufe changu na vidole vikaenda mbio: raia wote nikawapangia kazi za kutosha, mpanda farasi mmoja nikamtuma akawachokoze askari wake kisha akimbilie pembe ya mbali, na waliobaki, kundi zima, nikawapangia njia ya kuzunguka msitu mpaka ndani ya lango lake. Muadhini akakohoa. "Allahu Akbar." Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Yeye aliguswa bega. Akatoa mikono na lango lake li wazi, maana ndiyo kwanza alikuwa anatoa jeshi. Na jeshi hilo, majuha wale, likamwandama farasi wangu mmoja.

Wallahi sijapata kuisikia adhana tamu kama ile. Chumba kimya, midomo inaitikia, macho yote yako kwenye skrini. Farasi wangu wanazunguka msitu. Raia wake wamemaliza kujenga na wamesimama, wote, kama wanaongojea basi. Vidole vyake vikacheza juu ya goti, lakini angethubutu vipi kugusa mbele ya watu wazima? Farasi wakaingia langoni. "Hayya alal-falah," akaita muadhini, na mie nikaitikia kwa unyenyekevu kabisa.

Ilipokwisha akaruka. "Hii haramu! Kacheza wakati wa adhana!"

"Mikono yake ilikuwa mapajani," akasema mjomba. "Sote tumemuona."

Akaurukia mshale wa skrini ajisalimishe. Huo ndio udhaifu mkubwa kuliko wote wa mchezo ule: anayeshindwa anaweza kubonyeza akatoka, nyumba zake zimesimama, na wewe unaambiwa umeshinda kwa maandishi. Sikuyataka maandishi.

"Ukitoka umekimbia," nikamwambia. "Kaa. Nilikaa mie miaka yote."

Hakuna aliyemtetea, akakaa. Nikamchomea ghala, nikamchomea soko, nikamchomea nyumba moja moja bila ya haraka. Anayengoja niseme nilimuonea huruma atangoja sana. Nilisikia raha mpaka kwenye ncha za vidole. Nilipolibakisha lile jumba lake la mwanzo nikapumzika kidogo, nikanywa maji, ndipo nikalimaliza.

Watu wakaanza kuinuka kwenda kusali. Yule mzee jirani yetu akatangulia mlangoni, akavaa makubadhi yake, akageuka kumtazama bwana yule aliyekuwa bado yuko kwenye kiti.

"Hebu tukumbushe, mwanangu," akasema kwa upole. "Ulisema ulimwacha kwa sababu gani vile?"

Wote waliokuwa wanatoka wakasimama kungoja. Nilikuwa nimeshauzima mchezo na ningeweza kwenda zangu kwenye kopi zangu, lakini sikwenda. Nilimtazama usoni kama nilivyomtazama siku ile mlangoni, maana jibu hilo hata mie sijapata kuambiwa na yeye mwenyewe.