Ghorofa la Magunzi

Harufu ya magunzi yanayoungua bado hunipandisha mori.

Kalenda ya darasani, pale Kitale, ilikuwa na picha ya ghorofa refu la kwanza katika mji fulani wa Ulaya. Mwalimu alituambia mifupa yake ni chuma, matofali ni nguo tu. Tulipomaliza kupukuchua mahindi nyumbani, nikajenga langu uani, vijiti ndani, magunzi nje, likanipita kimo.

"Ati msichana anajenga ghorofa?" akasema baba mdogo. "Si hii ni kuni, bana."

Akang'oa magunzi ya chini, akayatia motoni. Nilitamani limwangukie, lakini nilikuwa nimelijenga vizuri mno, likasimama kwa vijiti vyake. Akaniamuru nivivunje mwenyewe.

Chai ilipoiva nilimpelekea kwa mikono miwili, magoti chini. Akasema sukari haitoshi.