Ndoano ya Tela

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, fundi kutoka Ngombezi alichomelea ndoano ya tela kwenye gari kuukuu la baba. Niliona ameishikiza kwenye bampa, si kwenye chesisi iliyo imara. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu majuzi tu, nikaogopa kuonekana najidai. Nikazunguka gari, nikachutama, nikasimama tena.

"Msomi, unaisomea dua?" fundi akacheka.

Mama alikwishapanda kwenye tela na mafiga yake matatu, aliyokataa kuyaacha mahameni. Nikawaza mteremko wa mtoni tutakaoushuka njiani.

"Shikamoo tena, mzee," nikamwambia fundi. "Bampa itang'oka. Ingefungwa kwenye chesisi."

Baba, aliyekwishakaa kwenye usukani na kuwasha gari, akalizima. "Mama yako ashuke kwanza. Halafu utuoneshe."

Nikajilaza chini ya gari, huku nikianza kuwaza kwamba huenda nimekosea.